Nilivyonunua gari la spoti la ng'ambo bila kuliona

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa zinazochomoza kutoka kwenye boneti ukiziwasha. Ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Chicago, Februari 1989, na kizazi hicho kikaendelea kutengenezwa hadi 1997. Hata lile changa kuliko yote, basi, limeshapita robo karne. Lina viti viwili na paa la turubai, injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito wake ni takriban tani moja tu. Nililitamani kwa muda mrefu. Karibu yangu hayakuwepo, na machache niliyofanikiwa kuyaona yalikuwa yamekatwakatwa na kufungwa vitu visivyo vyake, mengine yana injini ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi. Ikabidi nitafute ng'ambo.

Ninamwandikia mtu anayekaribia kutuma pesa kwa gari ambalo hajaligusa. Jambo lililonisumbua tangu mwanzo ni kwamba macho pekee yaliyokuwa yanaliona gari yalikuwa ya mtu anayetaka pesa zangu. Karibu kila hatua niliyochukua, na sehemu kubwa ya gharama za ziada, ilikwenda kwenye kutafuta macho mengine.

Kabla ya kufungua tangazo hata moja, nilijifunza magonjwa ya modeli hiyo. Kila gari la spoti la zamani lina mahali pake pa kufia. Kwa MX-5 adui wa kwanza ni kutu ya vizingiti, yale mabati ya bodi yanayopita chini ya milango. Mvua ikinyesha juu ya turubai, maji hushuka hadi kwenye mirija miwili iliyo nyuma ya viti, kisha hutokea chini ya gari mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Mirija ikizibwa na majani na vumbi, maji hukosa njia na kuingia ndani ya kizingiti. Bati huanza kuliwa kutokea ndani. Siku utakayoona rangi imevimba kwa nje, kule ndani huenda pamebaki unga.

Adui wa pili yuko kwenye injini za lita 1.6 za mwanzo, zile za kabla ya nusu ya pili ya 1991. Ncha ya kranki shafti yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni fupi, na puli ya mbele ikilegea hula njia ya kabari, kile kipande cha chuma kinachoishikilia puli, hadi kranki yenyewe iharibike. Kwa hayo, muombe muuzaji arekodi video ya puli injini ikiwa inaunguruma: puli ikiyumba, likimbie gari hilo. Betri nayo iko kwenye buti, na ya asili ilifungwa kwa namna ya kutoa mvuke wake nje kwa mirija. Mtu akiweka betri ya kawaida bila mirija hiyo, mvuke wa asidi unakula sakafu ya buti. Na kuna moja la kukuzuia usimshtaki mtu bure: boneti yake ni ya alumini. Sumaku ikikataa kushika pale, si kwamba kuna puti, ile plasta ya kujazia bati lililobonyea, chini ya rangi.

Kama unatafuta gari lingine, orodha itakuwa nyingine. Kwenye Porsche Boxster za 1996 hadi 2004 wanaozijua watakuuliza kwanza kuhusu beringi ya shafti ya kati ya injini. Kwenye Mazda RX-8 yenye injini ya rota, kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, inapimwa kwa kifaa chake maalumu, na kipimo cha kawaida cha gereji hakikupi jibu la kuaminika. Jifunze orodha hiyo uishike kichwani, kwa sababu ndiyo itakayokuambia uombe picha gani.

Gari la kwanza lililonivutia lilikuwa jekundu, linang'aa kama limetoka dukani jana. Picha zote zilipigwa jioni, na lilikuwa limelowa. Wakati huo nilikuwa nimeshajua kwamba maji na mwanga hafifu huficha mikwaruzo, tofauti za rangi, na bati lililonyooshwa vibaya. Nikaomba picha za mchana, gari likiwa kavu, na za chini ya vizingiti. Muuzaji akanirudishia zile zile. Nilipoomba tena akaniambia kuna mtu anakuja kesho yake na pesa taslimu, niamue usiku huo. Nikamjibu kwamba amuuzie huyo mtu. Iliniuma kweli, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshaanza kuliendesha. Ukinunua kwa mbali, picha hukufanya umiliki gari kabla hujalipa, na hapo ndipo wengi wanapokamatwa.

Gari lililofuata lilikuwa na muuzaji mkarimu. Alituma picha za chini bila kusita. Chini kote kulikuwa kweusi, rangi nzito ya lami, mbichi, imepulizwa hata juu ya mipira inayoshikilia ekzosi na juu ya vichwa vya bolti. Anayepaka kwa ajili ya kulinda bati husafisha kwanza na kufunika visivyotakiwa kupakwa, na mara nyingi hupiga picha kabla na baada. Niliomba picha za kabla, hazikuwepo. Inawezekana chini ya lami ile palikuwa pazima kabisa, lakini mimi nisingeweza kujua, wala mtu wa kunitazamia asingeweza kujua. Nikaacha.

Tangazo jingine liliandika injini ya 1.8 huku namba ya chasisi ikianza na NA6CE. Hapa pana jambo la kujua. Magari haya yalipouzwa Japani yaliitwa Eunos Roadster, na namba zake za chasisi ni fupi: NA6CE ni ya 1.6, NA8C ni ya 1.8. Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti zinazotaka herufi na tarakimu 17 itakataliwa, na haimaanishi gari ni la wizi. Lakini namba ikisema 1.6 na tangazo likasema 1.8, ama injini imebadilishwa ama mwandishi wa tangazo halijui gari lake. Yote mawili yanahitaji maelezo, na mimi sikuyapata.

Lile nililolinunua lilikuwa la bluu iliyopauka. Picha zilipigwa jua la mchana. Kati yake kulikuwa na picha ya bampa lililochubuka na nyingine ya kiti kilichoanza kuchanika pembeni, muuzaji amezipiga kwa karibu bila kuombwa. Alikuwa na faili la risiti za miaka mingi. Nilimuomba tuzungumze kwa video ya moja kwa moja, asubuhi, kabla gari halijawashwa.

Ninashauri sana hatua hii, na ifanywe taratibu. Nilimuomba aweke kiganja juu ya kifuniko cha injini na akiache hapo huku tukiongea. Akakiacha. Injini iliyotoka kuzimwa huwezi kuishika hivyo, na injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kuja huwa inaficha jambo: kuwaka kwa tabu, moshi wa asubuhi, au kelele za kabla ya oili kufika juu. Halafu nikamuomba anyamaze, aisogeze simu karibu na injini, apige stati. Ikawaka mara moja. Ikapiga tiki-tiki juu kwa muda mfupi, kisha ikatulia oili ilipofika. Kelele hiyo ya vali kwenye injini hizi ni ya kawaida ikiwa inaondoka. Ikibaki inataka kuangaliwa. Nyuma ya ekzosi hapakuwa na moshi wa bluu.

Kisha nikamuomba jambo lililomshangaza. Nilimwambia achukue chupa ya maji, akunje paa nusu, amimine taratibu pale nyuma ya kiti ambapo turubai linaungana na bodi, halafu apige magoti aangalie chini mbele ya gurudumu la nyuma. Upande wa kushoto maji yalitoka mkondo mzima papo hapo, yakatengeneza dimbwi kwenye zege. Upande wa kulia tulisubiri. Yalianza kudondoka tone moja moja, meusi, yamebeba takataka. Simu ilikuwa chini kwenye zege na nilikuwa naona tone linavimba, linaning'inia, linaanguka. Muuzaji akasema, "Ndugu yangu, hili sikulijua." Nilimuamini, kwa sababu alikuwa ameshanionyesha mabaya mengine kwa hiari yake. Lakini kumuamini mtu hakusafishi kizingiti, kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa kumtafuta fundi.

Fundi nilimpata kupitia klabu ya wamiliki wa modeli hiyo katika nchi ile. Masharti yangu yalikuwa kwamba hajawahi kulitengeneza gari hilo, hamjui muuzaji, na malipo yake yatoke kwangu bila kujali kama nitanunua au la. Fundi anayelipwa na muuzaji, au anayepata chochote mauzo yakifanyika, ni macho yale yale ya muuzaji. Ada yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya seti moja ya tairi. Katika fedha zote nilizotoa, hiyo ndiyo ninayoiona ilinirudishia nyingi zaidi.

Alilipandisha kwenye lifti. Aligonga vizingiti kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma akisikiliza mlio unavyobadilika. Kisha akaingiza kamera nyembamba ya waya ndani ya kizingiti cha kulia kupitia tundu lake. Video hiyo ninayo hadi leo: ukuta wa bati, mkanda wa tope kavu, na kutu ya rangi ya machungwa iliyotanda kwa juu juu, bado haijatoboa. Alipima unene wa rangi kila paneli. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa maikroni mia moja na kitu. Panapokuwa na puti kipimo huruka mbali zaidi. Bawa la nyuma la kulia lilipakwa upya, bila puti nzito. Alipima kompresheni ya silinda zote nne, na nilichokitazama zaidi ya ukubwa wa namba ni kama zinakaribiana. Zilikaribiana. Chini ya betri sakafu ilikuwa safi.

Tairi alizipiga picha ubavuni. Kule kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2309 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Zile zilikuwa na meno ya kutosha lakini zilikuwa kongwe mno, mpira umekakamaa. Gari la spoti hukaa sana limeegeshwa, kwa hiyo tairi zake huzeeka kabla ya kulika, na picha za tangazo haziwezi kukuonyesha hilo.

Niliisoma ripoti usiku, nikairudia tena na tena. Haikuwa ripoti ya gari zuri sana. Ilikuwa ripoti ya gari ninalolijua, na kwa mara ya kwanza tangu nianze nililala usingizi mzuri. Muuzaji alipunguza bei kwa kiasi cha tairi na matibabu ya kutu, bila ubishi, kwa sababu ushahidi ulikuwa wa picha.

Kwenye malipo sikuharakishwa na mtu. Nilihakikisha jina lililo kwenye hati ya umiliki ndilo lililo kwenye kitambulisho chake na ndilo la akaunti ya benki. Niliulizia kama gari lina mkopo usiolipwa, maana deni linaweza kulifuata gari hata baada ya kuuzwa. Namba ya akaunti ilipokuja kwa barua pepe, nilimpigia kwa ile ile namba tuliyoongea nayo kwa video, nikamuomba anisomee tarakimu kwa sauti. Wezi huingia kwenye barua pepe za watu na kubadilisha akaunti dakika ya mwisho. Ukishatuma pesa, kuzirudisha ni kazi kubwa, na mara nyingi hazirudi tena. Ukitumia mtu wa kati wa kushikilia pesa, mchague wewe na umchunguze, kwa kuwa tovuti bandia za kazi hiyo zipo na mara nyingi zinapendekezwa na muuzaji mwenyewe.

Usafiri ndio ulionichosha. Meli za kubeba magari, zile ambazo magari huendeshwa hadi ndani, huwa nafuu, lakini gari hupita mikononi mwa watu wengi na la paa la turubai ni rahisi kuchanwa kwa kisu. Nikachagua kontena. Soma vizuri maneno ya mkataba: bei ya FOB inaishia gari likishapakiwa melini, nauli na bima ni juu yako. Bei ya CIF ina bima ndani yake, lakini muuzaji anaruhusiwa kuweka ile ya kiwango cha chini kabisa, inayofidia maafa makubwa kama meli kuzama au kuungua, na haitakulipa mkwaruzo wala kioo kilichovunjwa. Nililipia bima pana zaidi kwa pesa yangu. Mwenye lori la kulipeleka bandarini nilimwambia mapema, kwa maandishi, kwamba gari liko chini sana na linahitaji ngazi ndefu. Lori la kawaida lingelichubua tumbo.

Hati za shehena zilichelewa njiani. Gari likafika, hati hazijafika, na bandarini kila siku inayopita ina tozo yake. Nilikuwa naamka nikiangalia simu kabla ya kunawa uso. Hakuna nilichoweza kufanya zaidi ya kupiga simu na kulipa. Ukiweza, kubalianeni tangu mwanzo kwamba hati zitolewe kwa njia ya kielektroniki, au zitumwe na kampuni inayokupa namba ya kufuatilia. Kwa jumla, usafiri, bima, ushuru na tozo vilipita nusu ya bei ya gari. Piga hesabu hiyo kabla ya kuipenda bei ya tangazo.

Betri ilifika imekufa, tukabusti. Kitu cha kwanza kilikuwa tairi mpya, kabla ya kwenda popote kwa kasi. Maji ya breki yalibadilishwa yote, kwa kuwa hufyonza unyevu hata gari likiwa limesimama. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Risiti ya mwisho ilitaja mkanda lakini haikuandikwa kilomita, nikaubadilisha pamoja na pampu ya maji. Mrija wa kulia niliuzibua kwa mpira laini mwembamba. Usitumie waya mgumu, utautoboa na maji yataingia kule kule unakotaka yasiingie. Kizingiti kilipokauka tukapuliza nta ya kuzuia kutu ndani yake.

Kilichoniumiza mfukoni ni bushi za sasipensheni. Ripoti ilizitaja kwa sentensi moja, zimechoka, katikati ya mambo mengine madogo. Barabarani gari lilikuwa linatangatanga, usukani unasema huku na nyuma inajibu kule. Kuzibadilisha zote, na kazi yenyewe, kulikuwa ghali kuliko tairi. Kwa hiyo ukimtuma fundi, muombe agawe kila kasoro katika mafungu: ya kutengeneza kabla ya kuendesha, ya mwaka huu, na ya kusubiri, na kila moja aiwekee makadirio ya gharama. Tenga pia akiba ya matengenezo ya mwanzo isiyopungua robo ya bei uliyonunulia, na usiiguse kwa ajili ya usafiri. Silinda ndogo ya klachi, ile iliyo kwenye gea boksi, ilianza kuvuja baada ya muda mfupi. Ni ugonjwa unaojulikana wa magari haya, kifaa chake ni rahisi, na akiba ilikuwepo.

Baada ya bushi na alaimenti gari likawa lile nililosoma habari zake. Linaingia kwenye kona pale pale unapoliambia, na gea lake fupi linabadilika kwa kifundo cha mkono tu. Taa ya kulia inachomoza kwa kuchelewa kidogo kuliko ya kushoto. Dirisha la nyuma ni la plastiki na lina mkunjo mweupe katikati, kwa hiyo kila ninaposhusha paa nalifungua kwanza kwa zipu yake na kulilaza, mkunjo usije ukawa ufa. Nitalibadilisha pamoja na turubai zima, kwa sababu kazi ya kulivua na kulirudisha ni ile ile moja, na siku hiyo mirija yote miwili itakuwa wazi kusafishwa kwa juu.